Kipande kimoja kibovu katika seti: jinsi ya kudai haki yako bila kuipoteza njiani

Umenunua seti ya sofa ya 3-2-1-1, yaani kiti cha watu watatu, cha wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja. Vipande vitatu ni safi, cha nne kimebonyea upande mmoja na rangi yake haifanani na wenzake. Muuzaji anasema: "Si hicho kimoja tu? Kilete tukirekebishe, vingine viko sawa." Mara nyingi anayasema hayo kwa nia njema. Lakini kuna swali limejificha humo, na ukilijibu vibaya siku hiyo unaweza kujikuta huna tena haki ya kurudisha seti: ulinunua vitu vinne, au kitu kimoja chenye vipande vinne?

Mwongozo huu ni wa Kenya na Tanzania Bara. Sheria za mauzo ya bidhaa za nchi hizi (Kenya ni Sura ya 31, Tanzania ni Sura ya 214) ni watoto wa mama mmoja, sheria ya Uingereza ya 1893, na maneno yake yanakaribiana sana. Vifungu vya 13 hadi 17, ambavyo ndivyo vinavyokuhusu zaidi, vinabeba mambo yaleyale pande zote mbili. Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba achukue hapa mbinu za ukaguzi na uandishi, lakini namba za vifungu azitafute kwenye sheria za huko.

Seti ni kitu kimoja lini?

Doti ya kanga ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Inatoka kiwandani vipande viwili vikiwa havijakatwa, pindo moja, mji mmoja, jina moja. Kipande kimoja kikiwa na doa la wino au chapa iliyohama, hakuna anayeweza kukwambia umepata nusu ya haki yako. Kanga moja haina pa kwenda. Thamani yake iko kwenye jozi.

Pima seti yako kwa kipimo hichohicho. Kama kukitenga kipande kimoja kunapunguza thamani au matumizi ya vilivyobaki, hicho ni kitu kimoja. Viatu, suti ya koti na suruali, spika za kushoto na kulia, kufuli na funguo zake, meza ya chakula na viti vyake, mapazia ya dirisha moja, betri za sola zilizofungwa pamoja: vyote vinaingia. Sufuria tano za ukubwa tofauti zinazouzwa kwenye boksi moja ni suala la kubishaniwa, kwa sababu kila moja inapika yenyewe. Sahani sita za bei ya kila moja, ulizojiokotea rafuni, si seti hata kama zinafanana kama mapacha.

Kinachoamua, ukiacha asili ya kitu chenyewe, ni jinsi mlivyokubaliana. Bei moja kwa vyote ni dalili ya mkataba mmoja usiogawanyika. Bei tofauti kwa kila kipande, na hasa malipo tofauti kwa kila awamu ya kupelekewa mzigo, ni dalili ya mkataba unaogawanyika.

Mtego wa kukubali nusu

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unapopotosha, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya.

Sheria zetu zinagawa ahadi za muuzaji katika mafungu mawili. Kuna *sharti*, ambalo likivunjwa unaweza kukataa mali na kudai fedha yako yote. Kuna *dhamana*, ambayo ikivunjwa unabaki na mali na kudai fidia ya hasara tu. Kwamba bidhaa ilingane na maelezo yake ni sharti (kifungu cha 15). Kwamba iwe na ubora wa kuuzika, ikiwa umeinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo, ni sharti pia (kifungu cha 16). Kwamba ilingane na sampuli uliyoonyeshwa, vilevile (kifungu cha 17).

Sasa kifungu cha 13 kinasema hivi kwa ufupi: ikiwa mkataba haugawanyiki, na mnunuzi ameshakubali bidhaa *au sehemu yake*, basi uvunjaji wa sharti unashuka daraja. Unahesabiwa kama uvunjaji wa dhamana, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine. Ukikubali vipande vitatu vizuri na kukataa cha nne, umekubali sehemu. Haki ya kukataa imeondoka, na kilichobaki mkononi ni fidia.

Hoja ya "ni kitu kimoja" kwa hiyo inakata pande mbili. Inakupa nguvu ya kurudisha vyote kwa sababu ya kimoja, na papo hapo inakunyima uhuru wa kuchagua vizuri na kutupa vibaya. Uingereza yenyewe ilibadili kanuni hii mwaka 1994 na kuruhusu mnunuzi kukataa sehemu, na sheria yao ya haki za mlaji ya 2015 inampa mteja siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro. Hata huko, kitu ambacho kukigawa kunaharibu thamani yake hakikataliwi nusu: unarudisha chote au unabaki nacho. Kwa hiyo jamaa yako wa Leicester akikwambia "mimi nilirudisha kiti kimoja tu nikalipwa", huenda anasema kweli, lakini usiiweke hoja yake kwenye barua yako.

Kuna milango miwili ambayo sheria inakuruhusu kuchagua. Wa kwanza ni pale ulicholetewa kimechanganyika na bidhaa ya maelezo mengine kabisa. Uliagiza viti sita vya mninga, vikaja vitano vya mninga na kimoja cha paini kilichopakwa rangi. Hapo unaweza kuchukua vile vitano na kukataa kile kimoja, au kukataa vyote. Wa pili ni upungufu. Umelipia viti sita, vimekuja vitano: unaweza kukataa vyote, au kuchukua vitano na kuvilipia kwa kiwango mlichokubaliana. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote jiulize tatizo lako ni lipi kati ya haya matatu: kasoro, si aina niliyoagiza, au pungufu. Neno utakalotumia kwenye ujumbe wa kwanza ndilo litakalokufuata.

Hatua ya 1: Risiti iseme "seti"

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike: "Seti 1 ya sofa 3-2-1-1, mahameli ya kijivu, fremu ya mkongo, bei ya seti nzima…" Mstari mmoja, bei moja. Risiti yenye mistari minne na bei nne inampa muuzaji hoja ya bure kwamba ulinunua vitu vinne.

Tanzania, dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi). Mashine nyingi za maduka madogo huandika maelezo mafupi tu, kama "fanicha", basi omba na ankara ya mkono yenye maelezo kamili, na kwenye hiyo iandikwe namba ya risiti. Kenya, risiti ya eTIMS (mfumo wa kielektroniki wa ankara za kodi) ifanyiwe hivyohivyo. Ujumbe wa M-Pesa au wa Lipa Namba unathibitisha kwamba fedha imetoka. Hausemi ulinunua nini. Ukilipa kwa simu, mtumie muuzaji ujumbe papo hapo: "Nimelipa Sh. … kwa seti moja ya sofa 3-2-1-1 kama tulivyokubaliana, kitambaa kimoja, bechi moja." Akijibu "sawa bosi", umepata mkataba wa maandishi.

Kwa samani za kuagiza kwa fundi, iwe Keko, Dar es Salaam, au kando ya Ngong Road, Nairobi, chukua kipande cha kitambaa na kibanzi cha mbao iliyokwisha pakwa vanishi, andika tarehe nyuma, fundi atie sahihi. Hiyo ndiyo sampuli. Na usimalize malipo kabla ya kuona seti nzima imekamilika. Baki iliyo mfukoni mwako ina nguvu kuliko kifungu chochote.

Hatua ya 2: Ukaguzi

Kifungu cha 16 kina makali yake kwa mnunuzi: ukiikagua bidhaa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kuzunguka sofa mara moja ukisema "iko poa" ni ukaguzi wa kukudhuru. Kama unakagua, kagua kweli, na ulinganishe vipande kwa vipande:

- Rangi itazamwe mchana, karibu na mlango au dirisha. Vitambaa viwili vya bechi tofauti, yaani vilivyotengenezwa kwa mikupuo tofauti, vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani na kutofautiana juani.
- Mahameli ina mwelekeo wa manyoya. Pitisha kiganja kutoka mgongoni kuja mbele kwenye kila kiti. Kimoja kikiwa laini na kingine kikikwaruza, fundi ameshona kitambaa kichwa chini, na ndiyo maana kinaonekana cheusi zaidi. Hii inatengenezeka kwa kushona upya bila kutafuta kitambaa kingine, ikiwa kitambaa kinatosha.
- Weka viti viwili ubavu kwa ubavu, laza ubao ulionyooka juu yake na uweke pima maji juu ya ubao. Kisha kaa dakika tano kwenye kila kimoja na upime tena kwa futikamba kutoka sakafuni. Sponji ya uzito tofauti inajifichua hapo: kimoja kinarudi juu, kingine kinabaki na shimo.
- Geuza kila kipande. Tazama miguu, pini za kitambaa cha chini, na maungio ya fremu. Mbao mbichi husinyaa na kuachia maungio baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi kipande kibovu ni kile kilichotengenezwa mwisho kwa mabaki.

Vigae vya sakafu vinataka neno la ziada. Kila boksi lina namba ya bechi, alama ya kivuli cha rangi, na alama ya kipimo halisi cha kigae. Boksi la 60 kwa 60 kwa kawaida lina vigae 4, yaani mita za mraba 1.44; kwa sebule ya mita 30 pamoja na nyongeza ya asilimia 10 unahitaji maboksi 23. Soma alama kwenye maboksi yote 23 kabla fundi hajachanganya saruji. Maboksi mawili ya kivuli kingine yakishalazwa katikati ya chumba, hakuna mahakama itakayosikiliza hoja ya kukataa mali: kulaza kigae ni tendo la mwenye mali. Kukata doti na kupinda, kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani, kutoboa mlango kwa ajili ya kufuli, vyote viko kapu hilohilo.

Dereva akija na mzigo jioni na karatasi ya kusaini, soma kilichochapishwa. Mara nyingi imeandikwa "nimepokea bidhaa zikiwa katika hali nzuri". Usisaini hivyo gizani. Andika kwa kalamu kando ya sahihi: "Imepokelewa, haijakaguliwa", pamoja na saa, kisha ipige picha. Mtu ambaye hajapata nafasi ya kukagua hahesabiwi kuwa amekubali. Lakini mtu aliyetamka kwa sahihi yake kwamba mali ni nzuri amejifunga mwenyewe.

Hatua ya 3: Simamisha matumizi

Ukiona kasoro, acha kutumia seti nzima, si kile kipande kibovu peke yake. Sheria haitaji idadi ya siku za kukataa. Inasema muda wa kuridhisha. Kwa kitu kinachoonekana kwa macho, siku moja au mbili ni salama, wiki mbili ni kujitafutia maneno. Kwa kitu kinachojulikana kwa kutumika, kama betri au spika, muda huhesabiwa kwa kadiri ya matumizi ya kawaida ya kukijaribu.

Piga picha za aina tatu: kipande kibovu karibu, kipande kibovu kikiwa kando ya kizima, na seti nzima katika chumba kimoja. Picha ya karibu peke yake haionyeshi tatizo lako, kwa kuwa tatizo lako ni kutofanana. Ongeza video fupi ya kipimo, ukitaja tarehe kwa sauti.

Usimwite fundi wako akaze, apake au abadilishe kitu. Hata kama kazi ni ya dakika kumi, umegusa ushahidi, na umetenda kama mwenye mali.

Hatua ya 4: Amua unachotaka kabla ya kupiga simu

Kuna jambo linalowashangaza wengi: sheria hizi za zamani hazikupi haki ya kutengenezewa wala ya kubadilishiwa. Zinakupa kukataa na kurudishiwa fedha, au kubaki na mali na kudai fidia. Matengenezo na kubadilishiwa ni mambo ya makubaliano, au ya kadi ya waranti kama ipo. Kwa hiyo muuzaji anapokupa "tutengeneze" anakupa kitu kilicho nje ya haki yako ya msingi, na una uhuru wa kukataa, au kukubali kwa masharti yako.

Kama seti haijaanza kutumika na kasoro ni kubwa, kataa yote. Kama unaipenda seti na kasoro ni ya ushonaji au mguu, ruhusu matengenezo, lakini kwa maandishi yenye mambo matatu: tarehe ya mwisho, kipimo cha kufanana (kitambaa cha bechi ileile, urefu uleule wa kiti), na sentensi kwamba kuruhusu matengenezo si kukubali seti. Bila sentensi hiyo, siku zinazopita karakana zitahesabiwa dhidi yako.

Kuna vitu ambavyo kipande kimoja kipya ni hatari kuliko kipande kibovu. Chukua betri nne za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata volti 48. Moja ikidhoofika inajaa upesi na kuisha upesi kuliko wenzake. Inveta inaona jumla tu, haioni kila moja. Weka mpya moja kati ya tatu zilizotumika na tofauti inabaki palepale, ila sasa zile tatu ndizo dhaifu. Ukaguzi wake ni huu: chaji hadi zijae, tenganisha, ziache saa kadhaa, pima kila moja kwa multimita. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6 hadi 12.7. Tatu zikiwa 12.6 na moja 12.1, andika namba hizo nne, piga picha ya multimita ikiwa juu ya kila betri na namba yake ya kiwandani ionekane, na dai zote nne. Hapa hoja ya seti ni ya kiufundi, haitegemei macho ya mtu. Matairi ya ekseli moja ni hivyohivyo. Namba nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2323 ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2023, na jozi iliyouzwa kama mpya yenye tofauti ya miaka mitatu ina maelezo ya kutoa.

Spika ndogo za masikioni ni kinyume chake. Upande mmoja ukififia, safisha wavu wake kwa brashi kavu, futa muunganisho kwenye simu na uanze upya. Ikishindikana, watengenezaji wengi hutoa upande mmoja mpya unaounganishwa na wa zamani, na kwa kawaida hilo linatosha.

Hatua ya 5: Notisi ya maandishi

Piga simu ukipenda, ila simu haibaki. Tuma WhatsApp au barua yenye maneno ya aina hii:

"Tarehe … nilinunua kwenu seti moja ya sofa (3-2-1-1), mahameli ya kijivu, kwa bei moja ya Sh. …, risiti namba … Seti ililetwa tarehe … Nilipoikagua tarehe … nilikuta kiti kimoja cha mtu mmoja kina kasoro hizi: kimebonyea sentimita 4 kuliko mwenzake, na kitambaa chake ni cha rangi tofauti. Vipande hivi vinne nilivinunua kama seti moja. Kwa sababu hiyo naikataa seti nzima na naomba mnirudishie fedha yote ifikapo tarehe … Seti iko nyumbani kwangu, haitumiki, na mnaweza kuja kuichukua kuanzia … Nipo tayari kupokea badala yake seti nyingine kamili isiyo na kasoro kabla ya tarehe hiyo. Nikiruhusu matengenezo au majadiliano yoyote, sitakuwa nimeiacha haki yangu ya kuikataa seti hii."

Neno "naikataa" lisikosekane. "Sijaridhika", "naomba msaada", "mnaniangusha" ni malalamiko, hayakatai kitu. Na usikodi kirikuu kurudisha mali kwa gharama yako: mnunuzi aliyekataa bidhaa halazimiki kuirudisha, inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Wajibu wako ni kuitunza vizuri mpaka aje.

Majibu ya dukani na uzito wake

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Kwa Kenya, kibao hicho hakina meno dhidi ya kasoro: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, Na. 46 ya 2012, inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuondoa ahadi za ubora zilizomo kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, na Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kufidiwa hasara. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, ina sehemu nzima ya masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya walaji hata kama hayakuandikwa. Kibao kina haki dhidi ya aliyebadili mawazo kuhusu rangi.

"Nenda kwa kampuni, waranti ni ya kwao." Waranti ni nyongeza. Mkataba wako ni na aliyekupa risiti. Kadi za waranti nyingi husema zitabadilisha sehemu iliyoharibika tu. Ukianza na kadi, umeingia mwenyewe kwenye hesabu ya vipande.

"Chukua bei ya kiti kimoja yaishe." Usikubali hesabu ya kugawanya. Kipimo cha fidia ni tofauti kati ya thamani ambayo seti ingekuwa nayo ikiwa nzima na thamani yake ilivyo sasa. Tuseme meza na viti 6 ni Sh. 1,800,000, na muuzaji anakupa 150,000 kwa kiti kimoja. Uliza maduka mawili wangenunua au kuuza meza hiyo na viti 5 kwa kiasi gani. Wakisema 1,350,000, hasara ni 450,000. Uliza pia fundi: kutengeneza kiti cha kufanana 220,000, na kupaka vanishi upya viti vyote ili rangi ilingane 180,000, jumla 400,000. Dai 400,000, kwa sababu unatarajiwa kuipunguza hasara pale inapowezekana, na uambatishe makadirio yote kwa maandishi. Muuzaji akiona karatasi tatu badala ya hasira, mazungumzo hubadilika.

Akikubali punguzo, andikeni kwamba ni malipo kamili ya kasoro ile iliyotajwa tu. Kiti cha pili kikiachia maungio mwezi ujao, usiambiwe ulishalipwa.

Mitumba ina kipimo chepesi zaidi. Kilichotumika kinatarajiwa kuwa na dalili za kutumika, na kwa kawaida umekishika na kukikagua mwenyewe. Lakini jozi ya viatu, kimoja namba 42 na kingine 41, si suala la uchakavu. Hiyo si jozi.

Hatua ya 6: Nje ya duka

Tarehe uliyotoa ikipita, tuma notisi ya pili fupi ya siku 7 ukisema utalipeleka wapi dai lako. Kisha, Kenya, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya mikataba ya kuuza bidhaa hadi KSh 1,000,000, unaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kama muuzaji alidanganya kuhusu bidhaa, mfano aliuza mbao ya paini kwa jina la mninga, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Bidhaa iliyo chini ya kiwango ni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Tanzania Bara, malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na dai la fedha la ukubwa wa seti ya sofa linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Faili lako liwe na risiti na ankara, mazungumzo ya simu yaliyochapishwa yakionyesha namba na tarehe, karatasi ya kupokelea mzigo, picha, notisi zote mbili, na makadirio ya mafundi. Kwenye hati ya madai weka maombi mawili kwa mpangilio: kwanza kurudishiwa bei yote kwa kuwa uliikataa seti; na kama mahakama itaona ulishaikubali, basi fidia ya kiasi kilichomo kwenye makadirio yako. Ukiomba la kwanza peke yake na hakimu akaona wageni waliketi kwenye sofa hizo Idi nzima, utatoka mikono mitupu. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6 katika nchi zote mbili, lakini huo ni muda wa kudai fidia. Muda wa kukataa seti ulianza kuyeyuka siku gari la mizigo lilipoondoka mlangoni kwako.